Kiapo cha Mali Ndogo

Karani wa mahakama ya Duluth ana kikohozi
na kalamu iliyofungwa kamba, isiibwe.
Anapenyeza fomu chini ya kioo:
Uhusiano wako na marehemu?
Kuna kisanduku cha mke, cha mwana, cha ndugu,
cha mdai.
Cha mtalaka hakuna.

"Wewe si mrithi," anasema, kwa upole wa mtu
aliyekwisha kusema hivyo tangu asubuhi.
Najua. Mrithi ana miaka kumi na sita,
yuko nje ndani ya pikapu, kofia hadi nyusi,
anatafuna chipsi asizozitaka.
Mimi ni mkono wake wa kutilia sahihi, basi.

Orrin Tveit, fundi wa mabasi ya shule,
hakuacha wosia.
Yeye, aliyebandika lebo kila kitu!
Juzi nimefungua friza lake:
"Kulungu, paja, Novemba."
"Supu. Asipewe Tove, ina uyoga."
Karakana, kwenye rafu, kopo la kahawa:
"Misumari iliyopinda, bado inafaa."
Mtu wa kuhifadhi misumari iliyopinda
hakupata dakika ya kuandika
nani achukue nini.
Au alidhani kifo, kama dereva wa basi bovu,
kitapiga simu kwanza.

Haya, tuhesabu.
Pikapu moja ya bluu, mlango wa kulia wa rangi nyingine.
Benki: dola elfu tatu, mia moja na nane.
Masanduku mawili ya spana.
Mashine ya kusukuma theluji.
Saa ya baba yake, inayokwenda ikitaka.
Kodi imelipwa hadi mwisho wa mwezi
na mwenye nyumba amenipigia mara tatu:
pole, pole sana, lini mtaondoa vitu?

Miaka kumi na moja tangu nitoke kwake.
Nguo ikifumuliwa, matundu ya sindano hubaki.
Mtu wa mazishi alipouliza saizi ya viatu
nilijibu kabla dada yake hajafungua mdomo,
kisha nikaona haya, kama mwizi.

Ukurasa wa tatu: Madeni ya marehemu.
Hapo kamba ya kalamu ikawa fupi.

Maana namdai.
Matunzo ya mtoto, ule mwaka karakana ilipofungwa,
dola elfu nne na mia mbili.
Karatasi ninazo, zimo mkobani, zina mihuri,
nimezileta makusudi.
Nikiliandika, deni litameza benki
na kuanza kuutafuna ule mlango usiofanana.
Dawa ya deni kulipa, wanasema.
Alipe nini huyu, ambaye hata kaburi lake
linangoja udongo uyeyuke?

Nilimlaani kila tarehe mosi, mwaka mzima.
Nilimwita majina, na sifuti hata moja.

Nikaandika: Hakuna.

Karani akaniambia niinue mkono wa kulia.
Nikaapa kwamba yote yaliyomo ni kweli.
Uongo wangu wa kwanza kwa ajili yake
tangu nilipomwambia mama yangu
kwamba kijana ana kazi ya kudumu.

Muhuri ukagonga. Karani akakohoa,
akaita, "Anayefuata."

Nje, upepo wa ziwani unakata masikio.
Tove amehamia kwenye usukani.
Kiti kiko nyuma kabisa, kwa ile miguu mirefu,
na viatu vyake vinaning'inia, havigusi pedali.
"Kisogeze mbele," namwambia.
"Bado."

Tukakaa. Pumzi zetu zikaandika mvuke kiooni.
Juu ya dashibodi, lebo, mwandiko ule ule
uliosimama wima kama watoto mstarini:
"Hita. Piga hapa, mara mbili."

Akapiga.
Hakuna.
Akapiga tena.